Kupanga nyuzi za kudarizi nyumbani: shajara ya kabla ya masika

Jumapili, 2 Februari

Kila chenye uzi ndani ya nyumba kimemwagwa mkekani leo. Kopo la biskuti la bluu, maboksi ya viatu, droo ya meza ya cherehani, mkoba uliokuwa unaning'inia nyuma ya mlango, na kifurushi nilichoachiwa na mama alipoacha kudarizi kwa ajili ya macho. Nyuzi za pamba za mashuka na foronya zimechanganyika na rili za cherehani, hariri ya bandia ya kaba za kanzu, vidonge vya sufu, na zari ambayo mng'aro umeshaiaga. Mume wangu kapita, kaangalia, kauliza kama tunahama.

Nataka mambo matatu. Uzi usiharibike. Nikiutaka niupate bila kupindua nyumba. Na ukiniishia katikati ya kazi, nijue ni uzi gani hasa na niliununua wapi. Hilo la tatu ndilo linaloniuma, maana hilo ndilo linalokwamisha shuka la mteja, na hakuna boksi zuri linalolitibu.

Kuna haraka kidogo. Hapa Tanga masika yakishika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, kila kilichofungiwa ovyo huota ukungu: viatu, mikoba ya ngozi, Kurani kabatini. Pamba nayo ni mmea, na ukungu unaila kama unavyokula mmea mwingine. Ushauri mwingi wa kuhifadhi nyuzi umeandikwa na watu wa nchi kavu, ambao hofu yao kubwa ni vumbi na paka. Sisi wa pwani tunahofia unyevu, kisha kutu, kisha jua, kisha mende. Vumbi tunalipangusa.

Kifurushi cha mama nimekifungua polepole. Mfuko wenyewe ni rambo la zamani, la kabla ya marufuku ya Juni 2019, na plastiki imekauka kiasi kwamba ukiigusa inapukutika vipande vyembamba vinavyong'ang'ania uzi. Ndani kata, yaani vifungu vya uzi kama vinavyouzwa dukani, zilifungwa mafungu kwa mpira wa kufungia noti. Mpira umeyeyuka kwa joto, ukakauka tena, ukaacha mstari wa kahawia unaonata katikati ya kata ya njano. Nilijaribu kuubandua kwa kucha, ukaja na nyuzinyuzi. Basi nikaikata kata yote pale pale kwenye mstari na kuitupa sehemu iliyoungua. Vipande vilivyobaki ni vya karibu dhiraa moja, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na huo ndio urefu ninaoutunga kwenye sindano siku zote. Njano ya mama imeokoka.

Amri ya kwanza ya mradi: mpira hauingii tena kwenye nyuzi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetenga kwa aina kabla ya kugusa rangi. Wengi huanza na rangi kwa sababu inapendeza machoni, lakini sufu nyekundu na pamba nyekundu haziharibiki kwa njia moja, kwa hiyo hazina sababu ya kulala chumba kimoja.

Fungu kubwa ni pamba ya kudarizia, ile ya nyuzi sita zilizolazwa pamoja bila kusokotwa sana. Mng'aro wake hautokani na hariri. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikizamishwa kwenye kostiki soda inavimba, inakuwa imara na inashika rangi vizuri. Baadaye, kwenye 1890, Horace Lowe akaona kwamba ikivutwa na kukazwa wakati wa kuzamishwa, inang'aa. Kostiki hiyo hiyo wanayochemshia sabuni akina mama wa vikundi. Naitaja kwa sababu moja tu: mng'aro huo upo kwenye uso wa uzi, na uzi ukisuguliwa, ukikunjwa vibaya au ukivutwa kila siku kutoka kwenye fundo, mng'aro unakwenda hata kama rangi ipo. Uzi uliochakaa boksini huonekana mzee kwenye shuka jipya.

Kata ya kawaida ya DMC, kampuni ya Mulhouse, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1746, ina mita 8. Hesabu ya jikoni: mita 8 kwa vipande vya nusu mita ni vipande 16. Kila kipande kina nyuzi 6. Ukidarizi kwa nyuzi mbili mbili, kata moja inakutungia sindano mara 48. Nimeiandika hesabu hii kwenye jalada la daftari, maana mteja akija na shuka lenye maua manane huwa nakadiria kwa macho, na macho yanapenda kupunja.

Hariri ya bandia, ile wanayoiita reyoni, imekwenda boksi lake. Inatengenezwa kwa massa ya mti, inang'aa sana, lakini ikilowa inapoteza nguvu nyingi, na inateleza kwenye rili hadi inajifunga yenyewe. Rili zake nimezivalisha vipande vya soksi nyembamba za zamani, uzi unatulia. Poliesta ya cherehani haina shida na unyevu, ikae droo ile ile. Sufu na kipande cha hariri halisi cha mama vimefungiwa mbali kabisa, kwa sababu nondo anakula sufu na hariri. Pamba tupu safi hana haja nayo.

Zari imepata kikopo chake peke yake. Madini yaliyo ndani yanakwajuka kwa hewa ya chumvi, na mpira unaongeza balaa kwa sababu ya salfa iliyomo. Nimeizungushia karatasi laini nyeupe, nikafunika. Iliyokwisha kuwa nyeusi siisugui; itafanyiwa kazi ya majaribio.

Jumapili, 16 Februari

Vyombo. Nimekwenda soko la Mgandini asubuhi kabla jua halijakaza.

Mitungi ya kioo nimeipita kwa makusudi. Nyuzi kwenye kioo juu ya rafu zinapendeza kwenye picha, lakini kioo kinaingiza mwanga mchana kutwa, na nyekundu, zambarau na pinki hupauka upande mmoja. Unakuja kugundua wakati umeshadarizi nusu ya petali. Mbao nazo nimeziacha: boksi la mbao mbichi linanuka vizuri, lakini utomvu na asidi yake vinahamia kwenye uzi, na msimu wa mvua linavimba, kifuniko hakifungi.

Nilichotafuta ni makontena ya plastiki ya chakula, yale ya mstatili yenye kifuniko cha kubana pande nne. Mwenye duka alinishangaa nilivyokuwa nageuza kila moja chini juu. Chini ya kontena kuna pembetatu ndogo yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini. Hizo zinakaa na nguo miaka bila kutoa chochote. Namba 3 ni PVC, hiyo baada ya muda inatoa dawa yake ya kulainisha, inanata na inachafua. Lisilo na namba nililirudisha.

“Dada, hivi ni vya chakula vyote, hata mtoto anabebea uji,” kaniambia.

“Najua kaka. Uji unakaa saa mbili, uzi wangu unakaa miaka kumi.”

Kacheka, kanipunguzia bei. Nimechukua marefu ya chini, si yale marefu ya kwenda juu, kwa sababu kadi za kuzungushia uzi zikisimama safu moja unaziona zote. Zikipangwa ghorofa, za chini husahaulika.

Kopo la biskuti sijalitupa. Bati linashika kutu kwenye ukingo wa kifuniko, halifai kwa uzi, lakini linafaa kwa mikasi, chaki, subana na futi ya kupimia.

Jumamosi, 22 Februari

Kadi za kuzungushia. Zipo za dukani, za plastiki au za karatasi ngumu, ila kwa idadi ninayoihitaji ni pesa. Za karatasi ngumu ya boksi nimezikataa pia, kwa asidi iliyomo na kwa kuwa mende wanapenda karatasi na gundi. Nimekata zangu kwenye vifuniko vya ndoo za rangi ya maji, vilivyooshwa hadi harufu ikaisha, vyenye namba 2 au 5. Plastiki ya ndoo ni ngumu kiasi, inakatika kwa mkasi wa bati.

Kipimo nilichokipenda baada ya kujaribu viwili vitatu: urefu sentimita 4, upana 3.5, pande mbili zimebonyezwa kidogo ili uzi usitoroke. Juu pana sehemu ya namba, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na tundu la kupitisha kamba. Tundu nalitoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, nje, maana moshi wake ni mbaya. Kingo zote zinapigwa msasa. Hili si la kuruka: pita ncha ya kidole ukingoni, na kama ngozi inakwaruzwa hata kidogo, pamba nayo itachanika manyoya pale.

Kuzungusha kwenyewe kuna adabu yake. Kwanza toa lebo za kata bila kuvuta uzi, na tafuta ncha sahihi. Kwenye kata nyingi ncha iliyo upande wa lebo yenye namba ndiyo inayotoka bila ugomvi. Kata ikishafumuka, mtu wa pili aivae kwenye viganja viwili. Binti yangu ndiye kishikio, na analipwa kwa ubuyu. Uzi unazungushwa bila kukazwa. Ukiukaza, pamba inashika kona za kadi, na hata ukiutunga kwenye sindano unabaki na mikunjo inayoonekana kwenye mshono wa satini, ule wa nyuzi zilizolazwa bega kwa bega kujaza ua. Ncha ya mwisho inapita kwenye mkato mdogo ukingoni, siyo kwenye fundo.

Wapo wanaosema kadi si lazima, na kweli si lazima. Unaweza kuikata kata yote vipande vya dhiraa moja, ukaipitisha kwenye tundu la kadi na kuifunga kitanzi, ukawa unachomoa uzi mmoja mmoja. Kwa rangi zinazotumika kila siku, nyeusi, nyeupe na kijani cha majani, nimefanya hivyo. Unaokoa muda sana. Kwa rangi zisizotumika mara kwa mara vipande huishia kupotea na kuchanganyika, hizo zimezungushwa.

Lebo za karatasi sikuzitupa. Zimekwenda kwenye bahasha, zitaingia kwenye daftari.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia, kazi ya nyuzi inafanywa baada ya alasiri, wakati futari iko jikoni na mikono haina la kufanya.

Swali la wiki hii ni namba au rangi. Ukipanga kwa namba unapata haraka, lakini namba hazifuati rangi. Kwa DMC, 309 ni waridi iliyokolea, 310 ni nyeusi, 311 ni bluu ya usiku. 815 na 816 ni damu ya mzee, 817 ni nyekundu ya kukolea, 818 ni pinki ya kitoto, ukifika 820 uko kwenye bluu. Halafu mwaka 2017 wakaongeza rangi 35 wakaziita 01 hadi 35, zikaruka mbele ya foleni yote. Kampuni nyingine ina namba zake: nyeusi ya DMC 310, kwa Anchor ni 403. Ukipanga kwa rangi, jicho linafurahi, ila kila ukirudisha kadi lazima uamue tena kama hii ni kijani au ni bluu bahari, na jibu la jioni si jibu la asubuhi.

Nikaenda barazani kwa bibi wa nyumba ya pili, anayeshona kofia za viua. Ana oda za Idi, magoti yake yamejaa bafta.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo na nyuzi zako?”

“Sijambo bibi. Nimekwama. Nizipange kwa namba au kwa rangi?”

“Namba nazijulia wapi? Mimi napanga kwa kazi.” Akanionyesha kofia aliyokuwa nayo mkononi: bafta mbili zilizolazwa pamoja, mchoro wa penseli, viua vilivyotobolewa kwa sindano na kuzungushwa uzi kimoja kimoja, kila tundu dogo kuliko punje ya mtama. Kwenye mkunjo wa pembeni, ndani ya bitana ambayo haijafungwa, akachomoa kifundo cha uzi wa kahawia. “Uzi wa kofia hii umo ndani ya kofia hii. Ikiisha, ndiyo uliobaki unarudi kwa wenziwe. Na naununua siku moja, duka moja, boksi moja. Ukirudi wiki ya pili, kahawia ile si kahawia hii. Utaona uzeeni, kofia ikifuliwa.”

Hapo kanifungua. Kiwandani uzi unatiwa rangi kwa mapipa, na pipa moja halitoki sawasawa na lingine hata namba ikiwa moja. Tofauti haionekani kata kwa kata. Inaonekana pale mishono miwili inapokutana kwenye kitambaa cheupe, na kofia yote ni nyeupe.

Nimeamua hivi. Ghala linakwenda kwa namba, maana ghala ni la kutafuta. Kazi iliyoanza inapata mfuko wake wa kitambaa wenye kamba: kitambaa, mchoro, sindano, na nyuzi zote za kazi hiyo, na mfuko haufunguliwi kwa kazi nyingine hata kwa dharura ya kifungo cha shati. Rangi itaonekana kwenye daftari.

Jumapili, 9 Machi

Daftari. Ukurasa mgumu, mistari ya matundu kwa pini, na kila tundu limefungwa kipande cha uzi cha urefu wa kidole. Mbele yake: namba, kampuni, duka, mwezi, na zilizobaki ni kata ngapi. Nyuzi zimepangwa kwa rangi hapa, kutoka nyeupe ya maziwa hadi ugoro, kwa sababu hapa hakuna kinachorudishwa mahali pake. Ni kazi ya mara moja.

Nimeipanga mlangoni kwenye mwanga wa nje, asubuhi. Taa za nyumbani hazifai. Nyuzi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka na kutofautiana ukitoka nje, kwa kuwa rangi zilizochanganywa kwa dawa tofauti hurudisha mwanga kwa namna tofauti. Picha ya simu ni mbaya zaidi, kwani simu hujirekebishia rangi yenyewe. Ndiyo maana kipande halisi cha uzi kina thamani kuliko maelezo yote niliyoyaandika pembeni yake.

Shida kubwa ni nyuzi zisizo na jina. Karibu nusu ya za mama hazina lebo, na zile za mafungu ya bei nafuu zina namba za DMC bila kuwa za DMC. Namba hizo nimeziamini nusu nusu. Nimeziwekea herufi: M kwa za mama, K kwa zilizonunuliwa Kariakoo, kisha namba ya foleni. M12 ni kijani kimoja cha ajabu, kati ya jani la mchicha na chupa, ambacho sijakiona dukani tena. Kimebaki kama robo ya kata. Kwenye daftari nimeandika pembeni: *kisitumike pekee, kichanganywe na uzi mmoja wa DMC 699*. Ukitunga uzi mmoja wa rangi ya zamani na mmoja wa mpya kwenye sindano moja, petali inapata kivuli na uliobaki unakwenda mara mbili. Njia hii nimeitumia kwenye majani ya foronya na hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kupima kuchuja. Nyekundu, nyeusi, zambarau na bluu zote zisizo na jina zimepitia mtihani. Kipande cha uzi kinalowekwa, kinawekwa katikati ya kitambaa cheupe cha pamba, kinapigwa pasi ya uvuguvugu. Kikiacha alama, uzi huo hauendi kwenye shuka la mtu.

Nyekundu K3 imeacha mstari mwekundu mzuri kabisa, wa kutia saini. Nimeiosha kata nzima kwenye maji baridi, imefungwa kwa uzi mweupe sehemu mbili isije ikavurugika, maji yakabadilishwa hadi yakaanza kuwa meupe. Ikaanikwa kivulini. Baada ya pasi ya pili imeacha waridi hafifu, kwa hiyo imehamishiwa kwenye nyuzi za mapambo ya ukutani, kazi isiyofuliwa.

Shangazi alipita akaniambia nitie siki na chumvi. Namheshimu shangazi, na siki nimeitia kwenye kachumbari. Kwa pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani, siki na chumvi havifungi rangi iliyokataa kufungwa; zilizotulia baada ya kuoshwa kwa siki zingetulia kwa maji matupu. Kinachosaidia ni kuosha mpaka rangi ya ziada iishe, na kukubali pale isipoisha.

Sindano nazo zimehamishwa. Zilikuwa zimechomekwa kwenye vipande vya shuka, na mbili ziliacha vidoa vya kutu. Ndimu na chumvi, jua la saa tano, vidoa vimetoka kwenye nyeupe. Kwenye kitambaa cha rangi nisingejaribu. Sasa sindano ziko kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa, kikavu, na kipande cha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani chini.

Jumapili, 23 Machi

Mawingu yameanza kukaa upande wa bahari. Nguo zilizoanikwa jana hazikukauka hadi leo saa nne.

Ukungu huanza kupata nguvu unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 65 hadi 70, na kwetu kuna wiki nzima hewa haishuki hapo. Kufunga kontena pekee hakusaidii kama hewa yenye unyevu umeifungia humo humo. Kwa hiyo kuna ratiba: kontena zinafunguliwa mchana wa siku isiyo na mvua, saa saba hadi saa tisa, wakati joto limepanda na hewa imepungua unyevu kuliko saa zote za siku. Zinafungwa kabla ya jua kuanza kuzama. Kufungua asubuhi na mapema au usiku ni kualika maji.

Ndani ya kila moja nimeweka vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye viatu na mikoba vikiwa vimeandikwa visiliwe. Nilikuwa nimevikusanya kwenye kichupa kilichofungwa. Za punje nilizonunua ni za rangi ya chungwa, zinageuka kijani zikishiba maji, kisha unazikausha kwa moto mdogo kwenye chombo kikavu ambacho hakipikiwi. Zile za bluu zinazogeuka pinki sizitaki, zina kobalti, na nyumba hii ina mtoto. Mchele wa kunyonya unyevu pia nimeukataa. Unaleta fukusi, fukusi analeta mjusi, mjusi anaacha alama.

Wanaoshauri karafuu nawasikia. Karafuu zinanukisha kabati na ninazipenda, ila mafuta yake yakigusa uzi yanaacha doa la njano. Kama lazima, zifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa kwenye rafu, nje ya kontena. Udi vile vile: fukiza chumba, siyo uzi.

Rafu nayo. Kontena haziko tena kwenye ukuta wa upande wa kusini, ule unaopigwa na mvua na kutoa jasho. Ziko kwenye kabati la ukuta wa ndani, zimenyanyuliwa kutoka sakafuni, na kati ya kontena na ukuta panapita kiganja.

Jumamosi, 12 Aprili

Masika yameshika. Nimefungua kontena zote leo katika mapumziko ya mvua. Hakuna harufu. Silika mbili zimegeuka kijani, zote kwenye kontena la reyoni, sijui kama kifuniko chake kinabana kama vingine. Nimelibadilisha na lile la vifungo na nitaangalia. Mende mmoja kaonekana kwenye kabati, nje ya vyombo, akazunguka karibu na bahasha ya lebo. Bahasha nimeihamishia ndani ya kontena na lebo nimezibandika daftarini kwa kuzishonea pembeni, bila gundi.

Jaribio halisi limekuja na shuka la bi harusi: mawaridi pembe nne na jina katikati, foronya mbili. Kutoka kupokea oda hadi kuwa na mfuko wa kazi mkononi, na nyuzi zote ndani, haikuchukua hata nusu saa. Zamani ilikuwa shughuli ya jioni nzima na ugomvi. Daftari liliniambia kabla sijachora ua la kwanza kwamba nyekundu yake haitoshi: kata mbili, na hesabu ya sindano inataka tano. Mwezi wa Februari ningegundua hilo kwenye pembe ya tatu.

Kinachobaki: kadi za sufu, ambazo zinahitaji kuwa pana zaidi, nafasi kwenye daftari kwa nyuzi za mashine zinazouzwa kwa mita elfu, na binti kufundishwa kurudisha kadi mahali pake, kazi ambayo naona haina tarehe.

Kuhusu hizo kata tatu za nyekundu, dada wa mtaa wa pili anavuka Horohoro wiki ijayo kwenda Mombasa kununua leso, atapita Biashara Street. Nimempa kipande cha uzi kilichofungwa kwenye kadi nyeupe, siyo picha, na nimemwomba akilinganishe nje ya duka. Akikuta boksi linalofanana, achukue tano zote kutoka humo, na mbili zangu za zamani zitarudi ghalani.